Kabla hujauliza bei, uliza kazaliwa wapi: mwongozo wa kuchagua samaki wa kuzalishwa kwa wafugaji wa Arusha na Moshi

Wakuu habari za saa hizi. Hii nimeiandika ndefu makusudi kwa sababu kila mara napigiwa simu, leo mtu wa Sakina kesho wa Majengo keshokutwa wa Usa River, samaki wanakufa tenki jipya halafu hajui kosa liko wapi, na ukimuuliza samaki umewatoa wapi anakwambia dukani. Dukani sio jibu. Duka ni kama stendi tu, samaki kashuka pale ila safari yake imeanzia kwingine, na huko alikoanzia ndo kunakoamua kama atakaa kwako miaka sita au siku sita.

Mimi nilijifunza kwa uchungu. Nilinunua samaki sita wakubwa aina ya Tropheus duboisi wa Ziwa Tanganyika, wale weusi wenye kichwa cha bluu na mkanda mpana wa njano kiunoni, muuzaji akaniambia wametua juzi toka Kigoma, wa ziwani kabisa. Nikaona nimepata mali. Nilivyowaweka kwenye tenki wakajibana kona ya nyuma chini ya filta, mapezi yamegandamana na mwili, wanahema haraka haraka. Siku ya tatu nikawatupia spirulina, chakula cha mwani, mmoja akaionja akaitema. Siku ya tano nikaanza kuona kinyesi cheupe kirefu kama uzi kinaning'inia, tumbo limevimba. Siku ya kumi na moja alikuwa kabaki mmoja, naye kalala ubavu.

Baadae nikapata kumi wa aina hiyo hiyo toka kwa mama mmoja wa Moshi anayezalisha kwake nyumbani. Wadogo, hawajafika urefu wa kidole gumba, na duboisi akiwa mdogo ni mweusi mwenye vidoti vyeupe mwili mzima kama kamwagiwa unga. Nilipofungua mfuniko asubuhi ya pili wakaja juu wote kumi wakigombania chakula. Tenki lile lile, maji yale yale, chakula kile kile. Tangu hapo sijarudi nyuma, na hatua nnazofuata ni hizi.

Hatua ya 1: jua unanunua nini

Samaki wa mapambo ni aliyevuliwa ziwani, mtoni au baharini, au aliyezaliwa kwenye tenki au bwawa la mfugaji. Ila katikati pale kuna wa tatu anayechanganya watu, yule aliyevuliwa akiwa mdogo sana halafu akakuzwa kwenye tenki. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "huyu nimemkuza mwenyewe" bado hajakujibu. Muulize nani kamzalisha. Wafugaji wazoefu utawasikia wanasema F1, maana yake wazazi wa huyo samaki walivuliwa ila yeye kazaliwa kwenye tenki, F2 ni wajukuu, na kuendelea hivyo.

Habari njema ni kwamba samaki wengi wa maji baridi wanaouzwa bei ya kawaida ni wa kuzalishwa tayari. Gapi, moli, plati, beta, enjelifishi, koi, na goldifishi ambaye Wachina wamemfuga zaidi ya miaka 1000. Hapo ukianza na gapi huna wasiwasi wa kuvuliwa, wasiwasi wako ni afya tu.

Wa kuwa nao makini ni wachache. Kadinali tetra bado wapo wanaovuliwa mto Rio Negro kule Brazil, wakati neoni tetra anayefanana nae karibu wote ni wa mashambani. Ukitaka kuwatofautisha angalia mstari mwekundu, kwa kadinali unaanzia kichwani mpaka mkiani, kwa neoni umeanzia katikati ya mwili. Otosinklasi yule mla mwani wa kwenye kioo nae mara nyingi ni wa kuvuliwa, ndo maana wengi wanafika wameshakonda tumbo limeingia ndani na wanakufa wiki ya kwanza. Na kubwa zaidi kwetu sisi, samaki wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, hawa wanapatikana wa pande zote mbili na mara nyingine wanauzwa duka moja bila mtu kukwambia yupi ni yupi.

Wa baharini hali ni kinyume, wengi wao ni wa kuvuliwa. Waliozoeleka kuzalishwa ni klaunifishi wale wa machungwa na mistari myeupe, Banggai kadinali, na farasi bahari baadhi. Ufilipino na Indonesia kuna wavuvi ambao kwa miaka mingi wametumia sumu ya sayanaidi kuwalewesha samaki wa mapambo ili wakamatike kirahisi, matumbawe yanakufa pale pale na samaki anaweza kuja kufa kwako wiki mbili baadae bila ugonjwa wowote unaouona. Kama uko Arusha au Moshi na unataka tenki la chumvi anza na klaunifishi wawili waliozalishwa, inatosha kabisa.

Kwa nini hili linatuhusu sisi zaidi ya mtu wa Ulaya

Hapa naomba mnivumilie kidogo maana ndo roho ya jambo lenyewe.

Ziwa Tanganyika lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sikilidi na karibu wote hawapatikani popote pengine duniani. Tropheus anaishi kwenye mawe ya pwani anakwangua mwani kutwa nzima, havuki mchanga mrefu wala hashuki kina kirefu, ndo maana kila kipande cha mawe kina rangi yake. Na jike hatagi mayai mamia kama perege, ni machache makubwa, mara nyingi hayafiki 20, analea mdomoni kama mwezi. Sasa fikiria wazamiaji wamekuja na nyavu wakachukua kipande kimoja cha mawe mwezi huu na mwezi ujao. Nani atakuja kujaza pale? Jirani wa ng'ambo ya mchanga haji.

Kitu hicho hicho ndo kimempata Banggai kadinali wa Indonesia, dume analea mayai mdomoni, watoto wanakaa pale pale walipozaliwa, watu wakavua kwa ajili ya matenki mpaka mwaka 2007 akaingizwa kwenye orodha ya IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi, ya walio hatarini kutoweka. Na ni samaki anayezaliana vizuri tu kwenye tenki! Hilo ndo linaloniuma.

Halafu kuna frontosa wa Tanganyika, yule mkubwa mwenye nundu na mistari. Yeye anakaa kina kirefu, akipandishwa haraka hewa ya ndani ya kibofu chake inatanuka tumbo linajaa kama puto, kwa hiyo inabidi apandishwe kwa vituo taratibu, na wasio na subira wanamtoboa kwa sindano. Frontosa wa kuzalishwa hajapitia hayo.

Sisemi kila anayevua ni mbaya. Kule Rio Negro watu wa mji wa Barcelos kwa miaka mingi wameishi kwa uvuvi wa kadinali tetra na samaki wale wengi wangekufa tu maji yakipungua kiangazi, na kipato kile kinawafanya waulinde msitu na mto. Ila ule ni uvuvi unaojulikana unafanywaje na kwa samaki anayezaliana haraka. Kwetu hapa sheria ya uvuvi ya mwaka 2003 inataka leseni kwa wanaofanya biashara hii, lakini wewe mnunuaji wa Njiro samaki akishafika kwenye mfuko huna namna ya kujua kavuliwa wapi na nani. Ukinunua wa kuzalishwa hilo swali linakuondokea.

Hatua ya 2: chagua samaki kufuata maji yako

Watu wanaanza na samaki halafu wanahangaika na maji. Geuza. Nunua kipimo cha pH, yaani cha kupima asidi ya maji, vile vya matone vinatosha, upime maji ya bomba yaliyokaa kwenye ndoo usiku mzima. Maeneo mengi ya Arusha maji yana floraidi nyingi, si mnayajua meno ya kahawia, na mara nyingi pH yake iko juu. Maji ya pH ya juu, 8 kwenda juu, yanawafaa samaki wa Tanganyika na Nyasa bila kuongeza kitu chochote. Moshi maji mengi ni ya chemchem za mlimani na yanatofautiana mtaa na mtaa, pima ya kwako usimuige jirani.

Na hapa ndo utaona faida ya samaki aliyezaliwa karibu. Mbuna, wale samaki wa kwenye mawe wa Ziwa Nyasa, aliyezaliwa Njiro kwa maji ya Njiro akija kwako Njiro hana cha kuzoea, wakati wa kuvuliwa anakuwa kabadilishiwa maji mara tatu nne kabla hajakufikia.

Baridi nayo usiisahau. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa sita na wa saba usiku maji ya tenki sebuleni yanashuka vibaya. Weka hita, kadiria wati moja kwa lita moja, tenki la lita 100 hita ya wati 100, na kipimajoto kisome 25 hadi 27. Tena kwenye mwinuko maji yanashika oksijeni kidogo kuliko Dar, kwa hiyo pampu ya hewa iwe inafanya kazi muda wote, na uwe na ile ndogo ya betri kwa ajili ya umeme ukikatika. Blanketi kuzunguka tenki usiku wa giza inasaidia sana.

Tenki jipya liache lifanye kazi na filta wiki 4 hadi 6 kabla ya samaki wengi, bakteria wakue wa kugeuza amonia, ile sumu inayotokana na taka za samaki. Hii iko pale pale hata samaki awe kazaliwa wapi.

Hatua ya 3: mhoji muuzaji

Uliza kwa heshima tu, mzalishaji wa kweli anapenda kuulizwa. Mimi nauliza hivi: kazaliwa wapi, wazazi unao? Naomba kuwaona, au nitumie video yao wakiwa kwenye tenki lako. Ana miezi mingapi? Anakula nini, na naomba umlishe nikiwa naangalia. Wazazi asili yao ni sehemu gani ya ziwa?

Hilo la kulisha mbele yako usiliache hata kama una haraka. Samaki wa kuzalishwa ukisogea kwenye kioo anakuja mbele, kazoea mtu ni chakula. Wa kuvuliwa anakimbia, na peleti anaipita kama jiwe.

Kwa mzalishaji utakuta beseni na matenki ya saizi tofauti tofauti, hapa vya wiki mbili, pale vya miezi mitatu, kule wazazi. Mama yule wa Moshi ana ndoo nne za rangi ukutani kila moja ina tarehe imeandikwa kwa maka peni kwenye kipande cha plasta. Ukienda kwa mtu anayejiita mzalishaji ukakuta wakubwa watupu wa saizi moja, hakuna kifaranga hata kimoja, na kila wiki ana aina mpya, aga vizuri uondoke.

Hatua ya 4: mwangalie samaki mwenyewe

Dalili za kuvuliwa: mkubwa tayari, mapezi yamechanika au magamba yametoka upande mmoja kwa nyavu, tumbo limebonyea, rangi imefifia, kinyesi cheupe cha uzi. Moja peke yake haithibitishi kitu, tatu zikiwa pamoja achana nae.

Lakini wa kuzalishwa nae ana kasoro zake na nisipozisema nitakuwa nawadanganya. Wakizalishwa ndugu kwa ndugu miaka na miaka unaona mgongo umepinda, mfuniko wa mashavu mfupi mpaka yale matamvua mekundu ya kuhemea yanaonekana, mdomo umekaa upande. Usinunue hata akipunguzwa bei. Kuna na waliochanganywa, mbuna wa aina tatu wamewekwa tenki moja wakazaliana, unapewa mtoto wa rangi isiyoeleweka unaambiwa ni aina mpya. Na samaki waliopakwa au kudungwa rangi, yule samaki wa kioo, mwili unaoonyesha mpaka mifupa, mwenye mstari wa pinki unaong'aa mgongoni, ile rangi kadungwa kwa sindano akiwa hai. Huyo mwache dukani.

Nunua wadogo, na wawe wengi kwa samaki wa kundi kama Tropheus, hapo utapata majike na madume watakaokua pamoja wakielewana.

Hatua ya 5: safari

Kama mzalishaji yuko Dar samaki watapanda basi, ni kama masaa kumi mpaka Arusha, na wanafika vizuri tu mkijipanga. Mwambie asiwalishe siku moja au mbili kabla, ili wasichafue maji ya mfuko. Mfuko uwe na maji theluthi moja na oksijeni theluthi mbili, mifuko miwili moja ndani ya mwenzie, halafu ndani ya boksi la foma lenye mfuniko. Panga basi la asubuhi au la usiku kutegemea baridi, na wewe uwe stendi kabla basi halijaingia, boksi lisikae juani likisubiri bodaboda.

Nyumbani zima taa. Acha mfuko uelee juu ya maji ukiwa umefungwa dakika 15 hadi 20 joto lilingane. Halafu hapa wengi wanakosea, wanafungua mfuko na kuanza kudondoshea maji kidogo kidogo kwa masaa mawili. Kwa safari fupi sawa, kwa safari ya masaa kumi hapana. Ndani ya mfuko hewa chafu waliyohema inashusha pH na amonia inakuwa haina makali, dakika unayofungua ile hewa inatoka, pH inapanda na amonia inageuka sumu na samaki wako ndani yake. Kwa hiyo muulize muuzaji mapema pH yake ni ngapi, andaa maji ya karantini, yaani tenki la kuwatenga wageni, yafanane, ukifungua mfuko watoe kwa wavu waingie moja kwa moja. Maji ya mfuko mwaga, yasiingie kwenye tenki.

Hatua ya 6: karantini wiki nne

Hata wa kuzalishwa. Beseni kubwa au tenki la lita 40, filta ya sponji, hita, bomba la plastiki la kujifichia, na wavu wake peke yake. Badilisha maji robo kila siku mbili tatu, ya bomba yakae siku nzima kwanza klorini itoke. Ukiona vidoti vyeupe kama chembe za chumvi kwenye mapezi ni ugonjwa wa madoa meupe, pandisha joto taratibu mpaka 29 au 30 na ongeza hewa, na dawa utaweka kule kule bila kugusa tenki kubwa. Tropheus wape spirulina kidogo kidogo, nyama na minyoo usiwape maana ndo inawavimbisha tumbo.

Hatua ya 7: zalisha na wewe

Kwa anayeanza nashauri mbuna wa njano wa Ziwa Nyasa, Labidochromis caeruleus. Dume mmoja majike watatu, tenki la lita 200, mawe mengi. Siku moja utaona jike hataki kula, kidevu kimejaa chini kama kaweka njugu mdomoni, na ukimtazama kwa tochi pembeni anatafuna tafuna hewa. Analea. Kwenye siku ya 18 hivi mhamishe taratibu kwenye beseni lake, usimkamue, mwache atoe mwenyewe wiki ya tatu au ya nne. Asubuhi utakuta vijitu vidogo vya njano hafifu vimejipanga chini ya sponji, kumi, kumi na tano, ishirini. Saga chakula cha kawaida kiwe unga, au angua mayai ya atemia, vijidudu vidogo vya maji chumvi, kwenye chupa ya maji ya chumvi, zinatoka ndani ya siku moja na nusu ukiwa na joto la kutosha.

Nafasi ndogo? Tafuta wale wa kwenye makombe ya konokono toka Tanganyika, Neolamprologus multifasciatus, tenki la lita 60 na makombe 15 mchangani, wanajenga kijiji kizima.

Wakizidi

Watazidi, jiandae. Usiwamwage mto Themi, wala Ziwa Duluti, wala mto Karanga. Si mnakumbuka sangara alivyowekwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, miaka ya 1980 alipofumuka furu, wale samaki wadogo wa ziwa hilo, wa aina nyingi sana wakapotea, na baadhi ya furu waliobaki leo wanaishi kwenye matenki ya watu tu. Na sisi wa huku tuna perege wa Ziwa Chala na perege wa Jipe ambao hawapo nje ya bonde la mto Pangani na wako hatarini kabisa, hawahitaji wageni toka sebuleni kwetu. Na wanaokwenda chemchem ya Chemka na chupa kuwabeba wale wadogo wanaodonoa miguu, tafadhali waacheni pale, maji yale ya chemchem huwezi kuyaleta nyumbani.

Wape wafugaji wenzako, au uza. Kwenye kila mfuko bandika karatasi: jina la aina, tarehe ya kuzaliwa, wazazi asili yao wapi, wanakula nini, pH ya maji yako. Tropheus wa sehemu mbili tofauti usiwaweke tenki moja kamwe maana watachanganyika. Mimi wale duboisi kumi wa mama wa Moshi walishaanza kutaga mwaka uliofuata, na mfuko wa kwanza wa vidoti vyeupe nilimpelekea kijana wa Kijenge ukiwa na karatasi yake, na swali lake la kwanza aliponifungulia geti lilikuwa "kaka, wazazi wao naweza kuwaona?"